Betri Iliyoanikwa na Kahawa

Kwanza niseme wazi: mama mkwe wangu nampenda. Naliandika hilo mapema kwa sababu kuna mahali huko mbele msomaji atadhani simpendi, na siku yenyewe hata mimi nilidhani hivyo hivyo.

Nilizaliwa Nyabiyonza, nikasoma hadi kidato cha nne, nikaolewa Igurwa. Ninayoyasimulia yalianza mwanangu wa kwanza akiwa na miezi minne, mimi nikiwa ndiyo kwanza nimerudi kazini. Nafundisha watoto wa chekechea kwenye kituo cha kanisa, upande wa Chonyonyo. Kati ya nyumba yetu na kituo kuna mlima. Watu wa kwetu hawauiti mlima, wanauita "hapo juu tu". Unapanda upande huu, unashuka upande ule, umefika. Kwa miguu ni saa nzima, na anayekwambia ni nusu saa hajawahi kuupanda akiwa na haraka.

Mkuu wa kituo, mama mmoja mkali asiyecheka kabla ya mchana, alinipa ruhusa ya kwenda kunyonyesha: saa moja, kuanzia saa sita kamili mpaka saa saba kamili.

"Saa moja ina dakika sitini," aliniambia, kana kwamba mimi ni mmoja wa wale watoto wa mstari wa mbele. "Ukichelewa mara moja nitasema umeteleza. Ukichelewa mara kwa mara, mwalimu, utachagua: mtoto au kituo."

Nyumbani nako nilikuwa na mkuu mwingine. Mama mkwe ndiye aliyebaki na mtoto, na kila nilipochelewa alinipokea mlangoni, mtoto analia begani kwake, na mkononi ameshika kikombe cha maziwa ya ng'ombe.

"Nimpe?"

"Mama, kliniki wamesema miezi sita, maziwa yangu tu."

"Hiyo kliniki ndiyo iliyomlea mume wako?"

"Hapana, Mama."

"Haya. Na ana meno yote."

Nilijaribu kukamua asubuhi na kuacha maziwa kwenye kikombe chenye kifuniko. Aliyamwaga. Alisema maziwa ya mtu hayakai kwenye chombo, yana haya. Nikamuuliza maziwa yanaonaje haya. Akanijibu kwamba ndiyo maana shule zimenipita: nauliza mambo yaliyo wazi.

Kwa hiyo kila kitu kilibaki juu ya skuta.

Skuta ilikuwa ya umeme. Kaka yangu anayeishi Mwanza aliichoka akanipa, ikaja kwenye lori katikati ya masanduku ya sabuni. Chini ya ubao wa kukanyagia ilikuwa na betri nne za risasi, zile nyeusi za kizamani, na zilipokuwa na nguvu nilikuwa malkia. Lakini betri za risasi zikizeeka zinakuwa na tabia ya mtu mvivu mwenye maneno matamu. Unazichaji usiku kucha, asubuhi mita inakwambia zimejaa. Kwenye tambarare zinaimba. Mlima ukianza tu, mshale wa mita unaanguka kama mtu aliyepigiwa simu ya msiba. Katikati ya mlima skuta inanyamaza. Hapo nashuka, nasukuma chuma na mawe manne, kwa viatu vya kazi, jua la kiangazi kichwani, na maziwa yanajua saa yake: blauzi inaloa madoa mawili mbele kabla sijafika kileleni.

Na kileleni ndipo kijiwe cha bodaboda.

"Mwalimu!" ataanza mmoja wao, kaka mwenye koti jekundu asilovua hata kiangazi. "Pasi imepoa?"

Skuta yangu waliiita pasi, kwa kuwa inachomekwa ukutani.

"Mwalimu, tukutafutie mkaa?"

"Kautafutie ubongo wako," nilimjibu siku moja, nikiendelea kusukuma. "Huo ndio umepoa."

Walicheka wote, na yeye zaidi. Ubaya wa vijana wa kijiwe kile ni kwamba ukiwatukana wanafurahi. Halafu aliacha pikipiki yake akanisaidia kusukuma mpaka pale mteremko unapoanza, kwa hiyo hata hasira yangu haikupata pa kukaa.

Nilichelewa kurudi kituoni mara tatu mwezi ule. Mara ya tatu mkuu alikuwa mlangoni. Aliangalia saa ya ukutani, akaniangalia mimi, akairudia saa. Afadhali angenigombeza.

Jioni ile nilimwambia mume wangu kwamba nataka betri mpya, na si za risasi tena. Nataka lithiamu. Mume wangu ni mkulima na fundi ujenzi, mtu wa maneno machache, na hayo machache mengi ni utani. Alinitazama kwa upole.

"Lithiamu," alisema. "Hiyo wanapaka au wanameza?"

Nilimtupia nepi. Safi, lakini niliitupa kwa nguvu.

Kaka yangu ndiye aliyeniokoa. Nilimpigia nikilia, na mimi nikilia natukana, kwa hiyo alinisikiliza kwa makini. Hakuwa amemletea mpwa wake zawadi yoyote tangu azaliwe, nikamkumbusha. Baada ya wiki mbili betri ilifika na basi: sanduku moja lenye mkono wa kubebea, rangi ya samawati iliyoiva, pamoja na chaja yake. Fundi wa sola akaja kutoka Kayanga kuifunga. Mtu wa Usukumani, anaongea Kiswahili cha mbio. Mama mkwe wangu Kiswahili anakijua, anakisali na anakifanyia biashara, lakini kikikimbia hivyo kinampita, kwa hiyo kazi ya kutafsiri kwa Kinyambo ikawa yangu.

Fundi alifungua ubao, akachomoa nyaya, akazitoa zile nne moja moja, kila moja akiiweka chini kwa kishindo.

"Hizi ni za risasi," alisema akifuta jasho. "Ndiyo maana nzito."

Mama mkwe alirudi nyuma hatua mbili akamkumbatia mtoto.

"Risasi? Miaka yote hii tunalala na risasi?"

Nilieleza kwamba ni risasi ya madini, si ya bunduki. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akamwambia mume wangu azipeleke nyuma ya choo.

Kisha fundi akalinyanyua lile sanduku jipya kwa vidole vitatu, akampa mama mkwe alishike aone. Alidhani anamfurahisha.

Hapa inabidi nieleze jambo moja kwa wasio wa kwetu. Huku mkungu wa ndizi haununuliwi kwa macho. Mwenye mkungu atakwambia maneno mia, wewe unaukamata kwenye kikonyo, unaunyanyua kidogo, unausikia mkononi, unaurudisha. Mkono ndio unaoamua. Ndizi iliyokomaa inauvuta mkono chini. Isiyokomaa inanyanyuka upesi, imejaa maji, ukiipika inakuwa kama sabuni. Mama mkwe wangu ana mkono ambao majirani wanauazima: wanamwita sokoni awanyanyulie.

Basi akamrudishia mume wangu mtoto, akalishika sanduku kwa mkono, akalinyanyua, akalisikia. Akalitikisa kidogo. Akalirudisha.

"Haijakomaa," alisema.

Mume wangu alicheka mpaka akakaa chini na mtoto wake. Fundi akauliza bibi anasemaje. Nikamwambia anasema ni nzuri.

"Wameitoa mapema," aliendelea mama mkwe, akinionea huruma sasa. "Mjomba wa mtoto kadanganywa. Angalia zile za zamani. Zile ndizo betri."

"Zile zimekufa, Mama."

"Zimekufa zikiwa zimekomaa."

Sanduku jipya lilipwaya kwenye nafasi ya zile nne, likawa linacheza kama punje moja kwenye debe. Fundi akakata ndala mbili kuukuu akalishindilia pande zote, akalifunga na mipira ya tairi. Halafu akasimama kutoa maagizo, na mimi nikatafsiri. Tumia chaja yake tu, ile ya zamani usiiguse. Nikatafsiri. Usiifungue ndani. Nikatafsiri. Isiingie maji. Nikatafsiri. Usiiweke juani, haipendi joto.

Hilo sikulitafsiri. Mtoto alikuwa ameanza kulia, na niliona ni agizo la kipuuzi, sawa na kumwambia mtu asitie redio kwenye chungu. Nani ataweka betri juani? Ninalisema hapa kwa sababu mume wangu kanitaka nilieleze kwa haki. Haya, nimelieleza.

Siku kumi zilizofuata nilikuwa malkia tena. Skuta ilikuwa nyepesi, ilipanda mlima kama mtu aliyeitiwa chakula. Saa sita kamili nilikuwa barabarani, saa sita na robo nilikuwa nimekaa kwenye kiti changu na mtoto ameshika. Saa saba kasoro dakika mbili nilikuwa mbele ya mkuu wa kituo, nikipanga vikombe vya uji vya watoto ambavyo havikuhitaji kupangwa, ili tu anione. Kijiweni walikosa la kunitania. Yule wa koti jekundu aliniita "Mwalimu, pasi ina moto!" nikampungia mkono kama kiongozi wa serikali.

Jambo moja tu. Ile mita ilitengenezwa kwa ajili ya betri za risasi, haikuielewa lithiamu. Betri za zamani zililalamika tangu mapema, hata mtoto angejua zinachoka. Hii mpya inasema imejaa, imejaa, imejaa, halafu inakata ghafla, bila hodi. Siku ya tisa nilisahau kuchaji, ikakata karibu na nyumbani. Niliisukuma hatua chache nikaingia nayo uani nikinung'unika, "Imekata, imekata."

Mama mkwe alikuwa anageuza kahawa kwenye turubai. Nilimwona akitikisa kichwa, na ningekuwa na akili ningeogopa.

Siku ya kumi na moja nilifika saa sita na robo kama kawaida. Mwezi wa saba, jua limesimama, uani pote kahawa ya maganda imeanikwa inanukia utamu ule wa kuvundavunda. Nilimpokea mtoto, nikakaa chumbani, akashika. Usiku uliopita hakulala, kwa hiyo na mimi sikulala. Dakika ya tano nilikuwa nimesinzia, kichwa ukutani.

Niliamka saa sita na dakika arobaini. Mtoto ameachia, amelewa, tone la maziwa kwenye kidevu. Nikamlaza, nikafunga vifungo, nikatoka mbio, nikakaa kwenye skuta, nikazungusha ufunguo.

Kimya.

Nikazungusha tena. Nikabonyeza honi. Kimya. Nikashuka, nikafungua ubao. Ndani kulikuwa na ndala zilizokatwa, na mipira ya tairi imekunjwa vizuri kama nguo za Jumapili. Betri haikuwapo.

"Mama!"

"Nipo huku."

Alikuwa kwenye turubai, ameinama. Katikati ya kahawa, kwenye jua la saa sita, sanduku langu la samawati lilikuwa limelala ubavu, limezungukwa na maganda mekundu. Zile za zamani zisingeweza kuanikwa. Nani angezibeba? Hii ina mkono wa kubebea.

"Usipige kelele, utamwamsha," alisema. "Naikomaza."

Niliigusa. Niliondoa mkono upesi, ilikuwa kama sufuria.

Sasa lazima niwe mkweli: jambo lenyewe halikuwa la ajabu kwake wala kwa mtu yeyote wa kijijini. Betri za redio zikichoka kila nyumba inazianika juu ya bati, na jioni redio inasoma taarifa ya habari mpaka kipindi cha michezo. Mama mkwe ameanika betri tangu ujana wake. Yeye aliona mkwewe ana betri changa inayokata njiani, na jua lipo bure. Alinifanyia wema. Nalijua hilo leo. Wakati ule nilichojua ni kwamba ni saa saba kasoro dakika kumi na nane.

Nilibeba sanduku kwa kanga, nikalichomeka kwenye skuta. Kimya. Nikampigia fundi.

"Fundi, betri imekataa."

"Ilikuwa inafanya nini kabla ya kukataa?"

"Ilikuwa kwenye kahawa."

"Imemwagikiwa kahawa?"

"Imeanikwa. Pamoja na kahawa."

"Dada. Nani ameanika betri?"

"Mwambie nimeigeuza pande zote!" mama mkwe alipaza sauti kutoka kwenye turubai. "Haijaungua upande!"

Fundi alisikia. Nami nilimsikia akimeza kitu, sijui kicheko au mate. Kisha akasema kwa sauti ya kazi: niitoe, niiweke kivulini nje, mbali na nyumba, nisiimwagie maji, nisiichaji. Ndani mna mlinzi, alisema, kisaketi kidogo, joto likizidi anafunga mlango. Ikivimba nisiirudishe kabisa, nimwite. Isipovimba, ikipoa mlinzi atafungua mwenyewe.

"Inapoa kwa muda gani?"

"Jioni."

"Nina dakika kumi na tano!"

"Basi na wewe kapoe, dada," alisema, si kwa ubaya.

Nilikata simu. Na hapo hasira zote za miezi miwili zikaja kwa pamoja, za mlima na za kikombe na za saa ya ukutani, zikanipanda mpaka kwenye meno. Lakini kwa mama mkwe huwezi kufoka, mimi nimelelewa. Kwa hiyo nilisema taratibu, na hiyo ndiyo mbaya zaidi.

"Sawa, Mama. Umeshinda. Kuanzia kesho mpe maziwa ya ng'ombe."

Nilitegemea afurahi. Alisimama na ungo mkononi, uso wake umeshuka kama wa mtoto aliyepigwa kwa kosa asilolijua.

"Nani kasema nataka kushinda?" aliuliza.

Nilichukua mkoba nikaanza kwenda. Kabla sijafika kwenye migomba ya mwisho nilisikia nyayo. Alikuwa nyuma yangu, mtoto kamfunga mgongoni, kitambaa cha kanisani kichwani, viatu vya plastiki.

"Mama, unakwenda wapi?"

"Kwa huyo mwenye saa. Mimi ndiye niliyeanika, mimi ndiye nitakayesema."

"Mama, ni mbali."

"Si hapo juu tu?"

Nilimwacha aone. Tulipanda. Robo ya kwanza aliniambia nitembee kwa adabu, mwanamke hakimbii barabarani. Robo ya pili alihema tu. Kwenye kona yenye mawe, pale skuta ilipozoea kufa, alishika kiuno akasimama, akaangalia juu, halafu akaangalia chini tulikotoka. Jasho lilikuwa limelowesha kitambaa cha kanisani.

"Hapa ndipo unaposukumia lile lichuma?"

"Ndiyo, Mama."

"Na maziwa yamejaa?"

"Yanavuja."

Alipumua. "Maawe," alisema, yaani mama yangu wee, na hakumwambia mtu, aliuambia mlima.

Nilimchukua mtoto nikambeba mimi. Tulipokaribia kileleni pikipiki ilishuka kutufuata, koti jekundu.

"Mwalimu! Shikamoo, bibi. Mwalimu, pasi iko wapi leo?"

"Imeanikwa," mama mkwe alimjibu kabla yangu.

Kaka wa watu alitutazama mmoja mmoja, akamtazama na mtoto. Nadhani alikuwa na maneno kumi mazuri kabisa. Akayameza yote, akageuza pikipiki, akasema, "Pandeni." Tukapanda mshikaki: yeye, mimi na mtoto katikati, mama mkwe nyuma amenikamata mbavu kama anakamua kitambaa, akisali kwa sauti njia nzima. Kwenye mteremko alisali kwa Kiswahili ili na dereva asikie.

Tulifika saa saba na nusu.

Mkuu wa kituo alikuwa amesimama mlangoni mwa darasa langu, na nyuma yake watoto wangu wakiimba wimbo wa herufi bila mpangilio. Nilifungua mdomo. Mama mkwe akanipita.

"Waitu, shikamoo," alisema, kwa neno letu la heshima, ingawa yule ni mdogo wake kwa miaka mingi. Mkuu alishtuka, akamrudishia shikamoo yake haraka kwa kupiga goti kidogo. Ndivyo mama mkwe anavyoanza kila shauri: kwanza anakukopesha heshima.

"Mama, umekuja kumtetea mkweo?" mkuu aliuliza.

"Sikuja kumtetea. Ana mdomo wa kutosha. Nimekuja kusema ni mimi niliyeanika betri yake."

"Umeanika…"

"Betri. Na kahawa. Ilikuwa haijakomaa."

Nilitazama chini. Nilijua sasa ndiyo mwisho, hakuna mwajiri duniani atakayepokea udhuru wa namna hiyo. Kisha nikamsikia mkuu wa kituo akibadilisha lugha. Aliacha Kiswahili cha ofisini, akauliza kwa Kinyambo, sauti ya jikoni kabisa:

"Uliianika chini au juu ya bati?"

"Kwenye turubai."

"Aaa. Turubai linachoma. Mimi za redio naweka juu ya bati, asubuhi, natoa kabla ya saa nne."

"Saa nne jua linakuwa bado halijakolea."

"Ndiyo vizuri. Za redio haziivi kwa pupa."

Nilisimama pale, mwanangu begani, nikiwasikiliza wanawake wawili walioishika miezi miwili ya maisha yangu mikononi wakishauriana jinsi ya kuanika betri. Nilitaka kusema kwamba hiyo si ya redio, ni lithiamu, ina mlinzi ndani. Watoto wa mstari wa mbele walikuwa wamemaliza herufi, wamemwona bibi mlangoni, wakasimama wote pamoja: "Shi-ka-moo bi-bi!" Mama mkwe akaitikia kwa kila mmoja, ilichukua muda.

Hatimaye mkuu aliniangalia. Alikumbuka Kiswahili chake.

"Hii siihesabu kwako, mwalimu," alisema. "Hii ni ya bibi." Akamgeukia mama mkwe. "Lakini, Mama, na wewe ukizidisha utachagua. Mkweo afanye kazi, au mimi nije nimnyonyeshe huyo mtoto mwenyewe."

Mchana ulikuwa umeshaingia. Alicheka. Sikuwahi kuyaona meno yake kabla ya hapo, ana mwanya.

Mama mkwe alikaa kwenye kiti cha chekechea, magoti yako kidevuni, mpaka watoto walipoondoka. Wawili walilala mapajani kwake. Tuliporudi, tulikwenda polepole, na kwenye kona ya mawe alipita akinishika mkono tu.

Nyumbani mume wangu alikuwa amekaa mbali na betri, anaitazama kama mtu anayelinda nyoka. Haikuvimba. Ilikuwa imepoa. Niliichomeka, nikazungusha ufunguo, taa ikawaka. Mume wangu aliuliza kama sasa imeiva kwa kupikwa au kwa kuliwa mbivu. Nilitafuta kwa macho cha kumtupia, akaondoka kwenda kufungia mbuzi. Nami nikakaa na mama mkwe, nikamtafsiria agizo la nne, neno kwa neno, kwa Kinyambo. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Mbona hukusema siku ile?" aliuliza.

Nikamwambia mtoto alikuwa analia.

Kesho yake niliingia uani saa sita na dakika kumi na nne. Hakukuwa na kikombe. Alikuwa mlangoni na mtoto tayari amefunguliwa kitambaa cha shingoni. Akanikabidhi, akaniambia, "Kaa. Usisinzie," akatoka nje. Kupitia mlangoni nilimwona ameisukuma skuta mpaka ukutani, chini ya upenu wa bati, kwenye kivuli kizito cha kutosha. Ndani ya kivuli hicho hicho alisimama akaitandazia kanga juu yake kwa mikono miwili, kama wanavyomkinga bibi harusi anayeingia ukumbini, akawa anasogeasogea kulifuata jua ambalo halikuwa na njia ya kupita.

Nilitaka kumwambia upenu unatosha. Nilikuwa na dakika ishirini na tano, na mtoto alikuwa ameshashika. Nikamwacha.